Kuhakiki Kazi Ambayo Haijaisha

Uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea kukutana na kitabu kikiwa kimekwisha kuvaa jalada. Mhakiki hukinunua dukani au hukiazima maktabani, akakaa nacho mezani, akapiga mistari kwa kalamu ya risasi, kisha akatoa hukumu yake. Mwandishi mwenyewe hayupo. Huenda anaishi mji mwingine, huenda amekwisha fariki. Lolote litakalosemwa juu ya kitabu hicho, jema au baya, halitahamisha hata nukta moja mahali pake. Ndiyo maana mhakiki wa namna hiyo aweza kuwa mkali apendavyo: anayempiga ni kitabu, na kitabu hakilii.

Uko uhakiki wa namna nyingine ambao hauandikwi, na kwa hiyo hauzungumzwi sana. Ni ule unaofanywa kwa mdomo, mbele ya mwandishi, juu ya kazi ambayo haijaisha. Neno linalotamkwa leo katika uhakiki huo laweza kuonekana kesho ndani ya kazi yenyewe. Kwa maoni yangu huu ndio uhakiki wenye madaraka makubwa kuliko wote, nao ndio ambao hatufundishwi. Makala haya yanauhusu, nami nitaueleza kwa kutumia hadithi fupi moja niliyoisikia ikisomwa mara mbili, ikiwa katika hali mbili tofauti. Mwandishi wake ameniruhusu niieleze, kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Kitangiri, hapa Ilemela. Miaka michache iliyopita wanafunzi wa fasihi wa chuo kikuu kimoja walianzisha warsha ya uandishi, wakapanga ukumbi mdogo Kirumba, wakawa wanakutana Jumamosi moja kila mwezi. Chuo sikitaji, kwa kuwa nitakayoyasema si ya chuo hicho peke yake. Utaratibu wao ulikuwa mzuri. Kila mshiriki alileta kurasa zisizozidi tano, akagawa nakala, akasoma kwa sauti, kisha akanyamaza wakati wenzake wakisema. Mwisho wa mwaka kazi zitakazochaguliwa zingepigwa chapa katika kijitabu. Mimi na mstaafu mwenzangu mmoja tulialikwa tuwe wasikilizaji wazee. Tulikalishwa mbele, kila aliyeingia akatuamkia shikamoo, na chai ikaletwa.

Katika kikao cha pili alisimama binti mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa upande wa Kayenze. Hadithi yake ilikuwa na kurasa nne, haina jina. Mhusika mkuu ni mama mjane anayenunua dagaa kwa ndoo kutoka kwenye mitumbwi alfajiri, akawaanika, akawauza kwa wachuuzi. Hadithi inaanza usiku wa giza. Mama anatoka nje, anatazama juu, haoni mwezi, anafurahi. Anamwambia mwanawe alale mapema kwa sababu kesho kuna kazi. Kule ziwani taa za wavuvi zimejipanga, anasema mwandishi, kama mji uliohamia majini. Kisha siku zinapita. Mwezi unaonekana, kwanza mwembamba, halafu unanenepa, na kadiri unavyonenepa ndivyo sufuria ya nyumbani inavyopungua uzito. Usiku wa mwezi mpevu kijiji kizima kinang'aa, watoto wanacheza nje kwa kelele, na mama amekaa mlangoni akiutazama mwezi kama mtu anavyomtazama mdai aliyekuja kuketi barazani. Hapo, katika ukurasa wa tatu, anaingia mwanamume mwenye mitumbwi, yule ambaye watu wa ziwani humwita tajiri. Anasalimia, anaketi, anaondoka. Ukurasa wa nne unakatika katikati ya mazungumzo ya mama na mwanawe.

Msomaji asiyelijua ziwa hili yafaa aelezwe jambo moja. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua. Mwanga wa taa huwavuta dagaa wakusanyike, ndipo wavu huwazoa. Mwezi ukiwa mkubwa, nuru yake huenea ziwa zima, taa ya mvuvi ikapoteza nguvu, na mitumbwi mingi hulala ufukoni siku kadhaa mpaka giza lirudi. Kwa hiyo mtu anayekula kwa dagaa huuhesabu mwezi kwa namna yake. Giza ndilo lenye riziki. Mbalamwezi ni njaa.

Binti alipokwisha kusoma, wenzake walisema. Wa kwanza alisema kwamba dhamira haijitokezi waziwazi. Wa pili aliuliza hadithi inatoa funzo gani kwa jamii. Wa tatu alisema neno "mwalo" si sanifu, ingefaa aandike "bandari". Wa nne, kijana hodari ambaye hupata alama za juu katika masomo yake, alisema kwamba katika fasihi giza huashiria matatizo, ujinga au uonevu, na mwanga huashiria matumaini na ukombozi. Mwandishi amezigeuza taswira hizi na kumchanganya msomaji. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Wa tano alisema mama amechorwa kama kiumbe tegemezi, afadhali asimame ampinge huyo tajiri. Nami nilisema neno langu: kwamba giza katika hadithi hii si ishara ya kitu kingine, ni giza lenyewe, na kwamba mwandishi aachwe nalo. Msimamizi alinishukuru kwa adabu, kisha akaita kazi iliyofuata, kwani muda ulikuwa umekwisha.

Baada ya mwezi mmoja hadithi ilirudi. Sasa ilikuwa na jina: "Nuru Mpya". Ilianza usiku wa giza, mama akilia kwa matatizo yake. Kisha mwezi ukachomoza. Chini ya mbalamwezi wanawake wa kijiji walikusanyika, mama akatoa hotuba ya kumlaani tajiri, wakakubaliana kuunda chama cha ushirika, na usiku uleule wakagawana faida ya mauzo ya dagaa wabichi walioletwa na mitumbwi jioni hiyo. Palipokuwa na "mwalo" paliandikwa "bandari ndogo ya wavuvi". Dhamira ilionekana, funzo lilikuwapo, giza na mwanga vilirudishwa katika kazi zao za kawaida, na mwanamke alisimama. Ukumbi ulipiga makofi. Hadithi ikachaguliwa kuingia kijitabuni.

Nimezisoma hali hizo mbili mara nyingi tangu siku ile, nikiziweka ubavu kwa ubavu. Katika ile ya kwanza kila kitu kilikuwa na kazi mbili. Mbalamwezi iliyowatoa watoto nje kucheza ndiyo iliyomkalisha mama mlangoni. Uzuri na njaa vilikuwa chini ya nuru moja, na hakuna aliyemwambia msomaji achague kimoja. Wazo hilo mwandishi hakulipata darasani. Alilipata kwa kuishi. Katika hali ya pili mwezi unafanya kazi ambayo miezi yote ya vitabuni imekwisha kuifanya, na hakuna msomaji atakayeukumbuka. Aidha, hadithi ya pili inasema uongo. Dagaa waligawanwa faida usiku wa mwezi mpevu, wakati mitumbwi ya kijiji hicho, kwa mujibu wa hadithi yenyewe katika hali yake ya kwanza, ingekuwa imepumzishwa mchangani. Ukumbini hakuna aliyeliona hilo, ingawa kutoka mlangoni mwetu hadi soko la Kirumba Mwaloni mtu angeweza kutembea kwa miguu bila kuchoka.

Tazama pia neno "mwalo". Bandari ina geti, ina ofisi, ina meli na tiketi. Mwalo ni pale mitumbwi inapovutwa mchangani, dagaa wanapoanikwa, chakula kinapouzwa, mikopo inapotolewa na ugomvi wa mikopo hiyo unapoamuliwa. Si kitu kimoja. Tena neno lenyewe si la kificho: soko hilo la Kirumba linajulikana kwa jina la Mwaloni na wafanyabiashara wanaotoka mbali sana na Mwanza. Kiswahili kilichopokea ngalawa, dau na demani kutoka kwa watu wa Bahari ya Hindi hakitapungukiwa na kitu kikipokea mwalo kutoka kwa watu wa ziwa. Kulifuta neno hilo kwa ajili ya usanifu ni kumwambia binti yule kwamba mahali alipozaliwa hapaandikiki.

Sisemi kwamba hadithi ya kwanza ilikuwa imekamilika. La hasha. Ilikuwa na upungufu wa wazi, nao ulikuwa huyo tajiri. Anaingia, anaketi, anaondoka, nasi hatujui ametaka nini. Je, mama anadaiwa naye fedha za ndoo za mwezi uliopita? Je, anamtaka mama? Au ni ndugu wa marehemu mume, amekuja kuangalia hali? Kila jibu lingeizaa hadithi nyingine. Ilionekana wazi kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa bado hajajua. Katika kitabu kilichokwisha kuchapwa tungeliita hilo kosa. Katika kazi isiyokwisha hilo ni mlango ambao haujafunguliwa, na kazi ya msikilizaji ni kuuonyesha mlango huo, basi. Lilitosha swali moja: tajiri anapoketi, mama anamwogopa au anamsubiri? Swali la namna hiyo humpa mwandishi kazi ya kwenda nayo nyumbani bila kumfanyia kazi hiyo. Hakuna aliyeliuliza. Wote walileta majibu, na majibu hayo walikuwa nayo kabla binti hajasimama.

Vijana wale si wajinga wala hawakuwa na chuki. Walisema walichofundishwa kusema. Tangu shule ya sekondari mwanafunzi wetu hufundishwa kuikata kazi ya fasihi vipande viwili, fani na maudhui, kisha kila kipande akikikata tena: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, muundo, mtindo, wahusika, mandhari, lugha. Kwa mtihani utaratibu huu unasaidia, nami mwenyewe nimeufundisha kwa miaka mingi na wanafunzi wamefaulu. Lakini ni utaratibu wa kufungua kitu kilichokwisha kufungwa. Fundi wa mitumbwi huutia mtumbwi majini akitaka kujua kama unavuja. Mbao zikiwa bado zimelala mchangani, mbavu zimesimama na pembeni hakujapigwa misumari, hautii majini. Ukiutia siku hiyo utazama, nawe utarudi ukisema kwamba ulikuwa na haki. Aliyekuja kuutazama mtumbwi ulio mchangani huangalia mambo mengine: mbao ni za mti gani, na chombo kinaelekea kuwa cha kubeba nini.

Ipo pia sababu ya kihistoria inayotufanya tuulize ujumbe kwanza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 fasihi ya nchi hii iliitwa kushiriki katika ujenzi wa taifa. Wito huo ulizaa kazi nyingi, na baadhi yake ni nzuri sana. Sioni sababu ya kuudharau. Lakini uliacha tabia nyuma yake. Swali la "mwandishi anatufundisha nini" likawa la kwanza, na mara nyingine likawa la pekee. Tabia hiyo ilikutana na mtu mgumu katika Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilihili. Diwani yake ya Kichomi ilipotoka mwaka 1974, wapo waliosema kwamba yaliyomo si mashairi, kwa kuwa hayakufuata vina na mizani. Alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wasomaji wengi walizikosa alama zote walizozoea kuzitafuta katika riwaya. Mjadala ulikuwa mkali, na ulikuwa halali, kwa sababu vitabu vilikuwa vimekwisha kusimama. Hakuna ambaye angeweza kuvipiga makofi mpaka vikageuka. Lakini jaribu kuwaza kurasa tano za kwanza za Nagona zikisomwa katika ukumbi wetu Jumamosi asubuhi, mwandishi wake akiwa na miaka 21 na amekatazwa kujibu.

Mtu anaweza kunijibu kwa kusema: basi warsha hazina maana, mwandishi na akae peke yake. Naye atanitajia Mkerewe mwingine, Aniceti Kitereza. Mzee huyu alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Akiwa mzee aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, naye akafariki mwaka 1981. Hakuwa na warsha, na alituachia mojawapo ya riwaya kubwa za lugha yetu.

Hoja hii ina uzito, nami naikubali nusu. Ni kweli kwamba warsha ya namna niliyoieleza ingemharibia kazi. Riwaya ile inakwenda polepole kwa makusudi. Wakwe wamemchukua binti yao kwa sababu ndoa haijapata mtoto. Mume anakwenda kumwomba arudi. Njiani na nyumbani kwa watu kuna salamu kamili za kila mtu kwa kila mtu, kuna namna ya kunawa na kula, kuna pombe inayopikwa hatua kwa hatua tangu ndizi hadi kata. Mwanafunzi aliyesoma habari za msuko angesema: fupisha, salamu hizi hazipeleki tukio mbele. Salamu zikiondolewa, riwaya imeondoka nazo, kwa maana ni hizo zinazotuonyesha jinsi mume anavyomrudisha mkewe. Heshima ndiyo tukio lenyewe. Lakini nusu ya pili ya hoja siikubali. Miaka 35 ya mswada kukosa wasomaji wake si sifa. Ni hasara iliyompata mtu mmoja na nchi nzima. Hakuna anayepaswa kuiombea ije tena ili tupate kitabu kizuri.

Tunachohitaji si kuziacha warsha. Tunahitaji kujua zinapaswa kuwa kitu gani, na mifano ya kutufundisha haiko mbali. Katika miaka ya 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, katika mkoa wetu huu wa Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na watu wa kijiji, wakachunguza pamoja nao mambo yanayowasumbua, wakatumia ngoma na nyimbo za hapohapo, na mchezo ukajengwa katikati ya majadiliano. Penina Mlama ameeleza kazi hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1991. Kwangu mimi jambo kubwa la Malya ni mpangilio wa watu: wanaolijua jambo walikuwa na haki ya kusema juu ya jambo, na wanaoijua sanaa walikuwa na kazi ya kulipatia umbo.

Kule Limuru, Kenya, ilikuwa hivyo pia mwaka 1977, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walipotayarisha mchezo wa Ngaahika Ndeenda na wanakijiji wa Kamirithu. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wakulima na wafanyakazi waliwasahihisha waandishi katika Kikuyu chao na katika habari za kazi na maisha ya watu wa pale, nao waandishi walikubali kusahihishwa. Serikali iliuzuia mchezo baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Hao waliouzuia walikuwa wameelewa vizuri kuliko sisi nguvu iliyomo katika kazi inayotengenezwa na watu wengi mbele ya macho ya wote.

Wala si lazima tuende Limuru. Wasukuma wana mashindano ya ngoma, ya Bagika na Bagalu, vyama viwili ambavyo asili yake inatajwa kuwa ni waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na watazamaji huamua kwa miguu yao: lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Hiyo ni hukumu kali kuliko ya mhakiki yeyote. Lakini wimbo haupelekwi uwanjani siku ulipotungwa. Kwanza mtunzi huwapa wenzake wa kundi lake, na hao wakiukataa mstari, hawaukatai kwa nadharia. Wanaukataa kwa sababu hauimbiki, hauingii katika hatua, au unamtaja mtu kinyume cha habari yake. Ni watu watakaousimamia wimbo huo mbele ya umati. Aibu yake ni yao. Warsha ya fasihi inapaswa kuwa mazoezi ya kundi moja kabla ya siku ya mashindano. Yetu ya Kirumba ilijigeuza kuwa uwanja, na kila aliyeketi akawa umati unaotafuta pa kuhamia.

Kijitabu kilipotoka, binti yule aliniletea nakala nyumbani. Tulikaa barazani. Akaniambia kwamba alikuwa amekwenda nayo kwao, akamsomea mama yake "Nuru Mpya" kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama yake alisikiliza akiwa anachambua dagaa. Binti alipomaliza, mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na mwezi wote huo mwanangu, hao dagaa waliwatoa wapi?"

"Ukamjibuje?" nikamwuliza.

"Nilicheka, Mwalimu. Nikamwambia ni hadithi tu."

Katika vikao vyote viwili, pamoja na hotuba zote na alama zote, hilo ndilo swali bora la uhakiki lililoulizwa juu ya kazi ile. Mama yule hakuuliza ujumbe. Aliingia ndani ya hadithi, akaishi humo kwa muda, akakuta hamna cha kupika. Angekuwa ameketi nasi Kirumba katika kikao cha pili, hali ya kwanza ingenusurika, na pengine angemwambia bintiye huyo tajiri ni nani.

Kwa wanaoendesha warsha za namna hii nina maombi matatu. La kwanza, asikilizaye aseme kwanza alichokiona na kukisikia, kabla ya kusema anachokitaka. Wengi watagundua kwamba hawakusikiliza. La pili, sheria ya kumnyamazisha mwandishi ilegezwe mahali pamoja: kama jambo linahusu maisha ambayo yeye anayajua na ukumbi hauyajui, aulizwe. La tatu, kila kazi inayozungumzia watu fulani ipate angalau msikilizaji mmoja kutoka kwa watu hao, hata kama hajui fani wala maudhui. Chai na nauli ya daladala ya mtu mmoja haziwezi kuishinda bajeti ya chuo kikuu.

Siku ile barazani nilimrudishia binti nakala yangu ya hadithi ya kwanza, ile isiyo na jina. Pembeni hapakuwa na alama yoyote isipokuwa swali langu katika ukurasa wa tatu, mahali tajiri anapoketi. Sasa yeye ni mwalimu katika wilaya nyingine, na jioni akimaliza kusahihisha madaftari huirudia. Aliniandikia kwamba amekwisha kujua tajiri alikuja kufanya nini, ila hakuniambia, nami sikumwuliza. Mpaka naandika haya kurasa zimefika tisa, neno "mwalo" limo, na jina bado hazina.